Mafuta ya ziwa Albert: nani atamwambia bosi kwamba leo boti haitoki?

NYAKASANZA, Bunia. – Kila mara habari ya mafuta ya ziwa Albert inaporudi kwenye redio, mazungumzo katika mtaa wa Nyakasanza yanakuwa yale yale. Vijana wanahesabu kazi. Wazee wanahesabu barabara zilizoahidiwa. Familia zilizokimbia Djugu na vijiji vya kando ya ziwa, ambazo leo zinaishi kwa jamaa mtaani ama katika kambi kama ile ya Kigonze, zinauliza kama mashamba yao yatakuwa bado yao siku watakaporudi.

Kuna swali moja ambalo halisikiki katika mazungumzo hayo. Siku upepo utakapoamka na mawimbi kupanda, nani atakuwa na haki ya kusema kazi isimame? Si nani atavaa jile ya rangi ya machungwa kwenye picha. Ni nani, kati ya kijana wa kamba, mwendesha boti, msimamizi na bosi aliye mbali kwa simu, atasema "leo hatutoki", na kesho yake bado awe na kazi.

Watu wanaodai asilimia ya mapato ya mafuta wana haki ya kudai. Lakini kudai asilimia bila kudai jibu la swali hili ni kuuza watoto kwa bei ambayo haijaulizwa.

Wanaoongea juu ya ziwa wakiwa Kinshasa wanalitazama kwenye karata: maji ya urefu wa kilomita kama 160, upana kama 30, na mistari ya vitalu vya mafuta. Wanaolijua ni wale waliolivuka. Katika miezi ya kwanza ya 2018, vita vya Djugu vilipochoma vijiji, makumi ya maelfu ya watu walipanda boti za uvuvi na mitumbwi kwenda Uganda, na wengine hawakufika. Miaka minne mbele ya hapo, tarehe 22 Machi 2014, wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirudi kwao kutoka kambi ya Kyangwali walipakiwa katika boti moja iliyojaa kupita kiasi, ikapinduka. Serikali ya Kongo ilitangaza vifo 251, na wengi kati yao walikuwa watoto. Familia zingine zinazosikiliza redio leo mjini Bunia zilizika watu wao mwaka ule, ama hazikuwapata wa kuzika.

Ziwa hili si la kina kirefu sana. Penye kina zaidi hapafiki mita 60. Mtu asiyelijua anafikiri hiyo ni nafuu, kumbe maji yasiyo na kina kirefu yakipigwa na upepo yanatoa mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila kumpa mwendesha boti nafasi ya kugeuza. Na ziwa limebanwa kati ya miinuko miwili, milima ya Bleues upande wa Kongo na ukingo wa bonde upande wa Uganda. Mchana upepo unatoka majini kwenda nchi kavu. Usiku unageuka: hewa ya baridi inateremka kutoka pande zote mbili, inakutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na mawingu ya radi yanapanda. Ndiyo sababu mvuvi mzee anaogopa saa za kuelekea alfajiri kuliko saa sita ya mchana. Wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti wameona kwamba mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Sasa mtu ajaribu kufikiri mnara wa chuma umesimama peke yake katikati ya maji tambarare, na watu juu yake, na gesi chini yao.

Mbele ya haya yote, jibu la kwanza linalosikika Nyakasanza ni kwamba upepo ni kazi ya Mungu. Upepo ni kazi ya Mungu, hakuna anayekataa. Lakini kuhesabu watu mbele ya boti kuondoka si kazi ya Mungu. Kukataa kupakia wa mia wakati boti ni ya hamsini si kazi ya Mungu. Serikali yenyewe imekataza mara nyingi boti kusafiri usiku, na boti zinasafiri usiku. Pale ufukweni mama anatazama mawingu, anasita na mtoto mgongoni, mwendesha boti anamwambia: "Panda tu mama, upepo huu utatulia." Mama anapanda, kwa sababu amekwisha kulipa na hana pa kulala. Hakuna mtu yeyote kwenye ufuko ule ambaye kazi yake ni kusema hapana. Akifa, mahubiri ya msiba yatasema Mungu amempenda zaidi.

Katika desturi hiyo ndimo mafuta yatakapoingia. Kampuni haitaleta ziwa lake.

Hadithi ya mafuta yenyewe ni fupi kwa mtu anayetafuta tone la kweli. Mwaka 2010 rais alitoa vitalu viwili vya ziwa Albert kwa kampuni mbili, Caprikat na Foxwhelp. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba chini kuna mapipa bilioni 3. Julai 2022 Kinshasa ikafungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta nchi nzima, vinne kati yake katika bonde la Albert. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Hesabu ya mapipa ilifika hata mitaani Bunia. Hesabu ya siku ambazo upepo haumruhusu mtu kufanya kazi juu ya ziwa haijafika kwa mtu yeyote. Wengine watasema: kama mnada ulifutwa, kelele ni ya nini? Kelele inafaa sasa kwa sababu kontra bado haijaandikwa. Ikisha kuandikwa, mkaaji wa Kasenyi ataambiwa kwamba usalama uko kwenye ukurasa fulani, kwa Kifaransa, na ukurasa huo ni siri ya biashara.

Jibu la pili ni la watu waliosoma, na ni la hatari kuliko la kwanza. Wanasema kampuni za kimataifa zina desturi zao za usalama, zitakuja na kofia, na mafunzo, na daktari. Inafaa kuwauliza desturi hizo zilitoka wapi. Zilitoka kwa maiti.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta lililoitwa Piper Alpha, katika bahari ya Kaskazini upande wa Uskoti, watu wa zamu ya usiku waliwasha pampu ambayo zamu ya mchana iliitolea valvu yake ya usalama ili itengenezwe. Karatasi ya kueleza hivyo ilikuwepo, ila haikufika mikononi mwa waliopaswa kuisoma. Gesi ikatoka, ikalipuka. Hadi hapo ni ajali, na ajali inaweza kuzuiwa isile watu wote. Kilichofuata ndicho kinachowahusu watu wa Ituri. Jukwaa lile lilikuwa limeungwa kwa mabomba na majukwaa mengine, kati yao Claymore na Tartan. Watu wa kule waliona moto kwa macho yao, mbali juu ya maji. Na waliendelea kusukuma. Mkubwa wa Claymore hakufunga bomba kwa sababu alitaka ruhusa ya wakubwa wake wa nchi kavu, na kusimamisha mafuta ni hasara. Moto wa Piper Alpha ukalishwa kutoka kwa majirani wake. Watu wengi walikaa katika nyumba ya kulala ya jukwaa wakingoja helikopta, kama walivyofundishwa, na helikopta haikuweza kutua katika moshi ule. Kati ya waliookoka, wengi ni wale waliovunja amri na kuruka majini. Watu 167 walikufa.

Kampuni iliyokuwa na jukwaa lile ilikuwa kubwa, ya Marekani, na nchi ilikuwa Uingereza, yenye polisi, mahakama na magazeti. Kule vilevile mtu mzima, mwenye cheo, aliona moto na akangoja ruhusa. Jaji Cullen alipomaliza uchunguzi mwaka 1990 alitoa mapendekezo 106, na sheria ikageuzwa: tangu hapo kampuni inapaswa kuonyesha kwa maandiko, mbele ya kazi, namna itakavyozuia watu wasife. Hakuna kampuni iliyojiletea sheria hiyo kwa upendo.

Ama hali ya hewa. Tarehe 15 Februari 1982, mtambo wa kuchimba mafuta ulioitwa Ocean Ranger ulizama katika dhoruba karibu na Newfoundland, Kanada. Newfoundland ilikuwa nchi ya wavuvi na ya umaskini, na kazi ya mafuta ilipokelewa pale kama vile vijana wa Nyakasanza wangeipokea. Mtambo ulisifiwa kuwa kati ya mikubwa zaidi duniani. Wimbi lilivunja kioo cha dirisha dogo katika chumba cha kuongoza uzito wa mtambo, maji yakaingia kwenye vifaa vya umeme, na watu waliokuwa zamu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha namna ya kuurudisha mtambo sawa. Hawakuwa na mavazi ya kuwakinga na baridi ya maji. Meli ya kusaidia ilifika hadi karibu nao na haikuwa na vifaa vya kuwatoa majini. Walikuwa 84. Hakupona hata mmoja. Wengi wao walikuwa watu wa Newfoundland, waliozaliwa wakiijua bahari ile. Kujua maji hakukuwasaidia kitu juu ya chuma ambacho hawakufundishwa.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya zamani. Tarehe 13 Aprili 2021, boti ya kazi ya mafuta yenye miguu, Seacor Power, ilitoka bandari ya Port Fourchon, Marekani, na watu 19. Dhoruba ya ghafla ikaipindua siku ile ile. Sita waliokolewa. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo, lakini kituo cha kupeleka maonyo kwa meli hakikuwa kinafanya kazi. Ilikuwa Marekani, yenye satelaiti na helikopta. Katika ziwa Albert, leo, onyo lingetoka kwa nani? Kongo ina shirika lake la hali ya hewa, METTELSAT. Mvuvi wa Tchomia angoje onyo lake kwa simu gani, na kwa lugha gani?

Inawezekana, kwa kuwa majirani walikwisha kufanya. Kati ya 2017 na 2020, mpango wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa pesa za Uingereza, ulisaidia idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki kuwapa wavuvi wa ziwa Victoria habari za upepo na mawimbi kwa maneno wanayoyaelewa. Ziwa Albert ni dogo kuliko lile. Kuwaonya watu wake kungekuwa na bei ndogo zaidi.

Lakini onyo bila haki ni kelele. Hapa ndipo penye shida yenyewe, na hapa watu wa Kigonze wasikilize zaidi kuliko wote.

Mafuta hayatafanyizwa na wahandisi peke yao. Mhandisi atakuja na kontra, na bima, na ndege ya kumrudisha kwao. Chini yake kutakuwa na kampuni ndogo, na chini ya kampuni ndogo mtu wa kuitafutia vibarua, na mtu huyo atakwenda kuwatafuta pale wanapopatikana kwa bei ndogo: katika kambi, kwa watu waliopoteza shamba, wavu na ng'ombe. Kijana aliyekaa miaka katika hema, mwenye mama na wadogo wanaongoja unga, akiambiwa kwamba boti ya kupeleka vyuma inaondoka saa kumi ya usiku, atauliza upepo? Akikataa, kuna kumi nyuma yake kwenye geti. Analipwa kwa siku. Siku ya dhoruba ni siku bila franka. Kwa mpango huo hakuna haja ya bosi mkali. Njaa inamsukuma kijana kwenye boti bila mtu kupandisha sauti. Tena ni jimbo ambalo tangu Mei 2021 liko chini ya utawala wa kijeshi. Kijana anayewaambia wenzake "tusitoke" anaweza kuitwa mchochezi mbele ya kuitwa mfanyakazi.

Sheria si kwamba haipo. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inadai kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Mwezi wa sita 2022, Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama kazini kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama, Kongo ikiwemo, inapaswa kuziheshimu. Mkataba wake wa namba 155 unasema mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa, akiwa na sababu ya kweli, asiadhibiwe. Lakini kibarua wa siku haadhibiwi. Haitwi tena kesho, basi. Hakuna barua ya kumfukuza ambayo angeipeleka kwa mkaguzi wa kazi.

Kwa hiyo dai la kwanza la shirika la raia, la mashefu wa mitaa na la makanisa lisiwe kofia. Liwe hili: siku ambayo kazi imesimamishwa kwa sababu ya hali ya hewa ilipwe sawa na siku ya kazi, kwa mhandisi na kwa kibarua. Mtu akilipwa hata boti isipotoka, atatazama mawingu kwa akili. Na msimamizi naye, kama mshahara wake haupungui kwa kusimamisha kazi, hatangoja ruhusa kama yule wa Claymore. Kampuni itakayokataa neno hilo moja itakuwa imeonyesha kila kitu juu ya desturi zake, hata kama imeleta daktari.

Dai la pili ni juu ya mahali pa kuchimba. Upande wa Uganda, kampuni ya CNOOC inachimba mafuta yaliyo chini ya ziwa huku mtambo wake ukisimama nchi kavu, kwenye uwanda wa Buhuka, mafuta ya Kingfisher. Visima vinaanza ufukweni na kupinda chini ya maji. Ni katika eneo lile lile la Kyangwali ambako wakimbizi wa 2014 walikuwa wamepewa hifadhi. Kama inawezekana ng'ambo, kwa nini mtu alazwe juu ya maji upande wa Kasenyi? Watasema milima upande wa Kongo imekaa karibu na maji, uwanda ni mdogo. Lakini penye uwanda mdogo ndipo palipo vijiji vya watu waliokimbia, na hapo ndipo wakubwa watakapojaribu kuwaambia wenye mashamba wachague: ama mtambo shambani, ama watoto wao juu ya maji. Jibu la tatu lipo, nalo ni kuacha mafuta pale yalipo hadi maneno haya mawili yapatane. Yamekaa chini ya ziwa muda mrefu kuliko falme zote za Ituri. Hayaozi.

Tena kuchimba kutoka nchi kavu hakuondoi boti zote. Kuna boti za kupima chini ya ziwa, na walinzi. Na kuna wavuvi, watakaokatazwa sehemu zenye samaki karibu na kisima na kusukumwa mbali zaidi, kwenye maji makubwa, na moteri ndogo. Hao hawatahesabiwa kamwe kuwa wafanyakazi wa mafuta, ingawa ni mafuta yatakayokuwa yamewapeleka pale. Wakizama, ajali yao haitaandikwa katika kitabu cha kampuni yoyote.

Mambo mengine hayahitaji kungoja mafuta. Bendera nyekundu kwenye fuko za Kasenyi, Tchomia na Mahagi-Port siku ya upepo mbaya, na mtu mwenye mshahara na nguvu ya kuiheshimisha. Daftari la majina ya abiria, linalobaki nchi kavu, kwa sababu mwaka 2014 watu walitafutana bila orodha. Tangazo la hali ya ziwa kwenye redio za Bunia kila jioni, kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema na Kialur, karibu na matangazo ya vifo, ambayo kila mtu anasikiliza. Jile zinazokodishwa pale pale kwa bei ya embe. Serikali isiyoweza kumlinda mama mwenye mtoto mgongoni katika safari ya saa chache, watu wataiamini vipi isimamie mtambo wa gesi katika radi?

Kutakuwa na mikutano. Mikutano huwa haikosi: viti vya plastiki, hema, soda, wageni kutoka Kinshasa na mtu wa kutafsiri. Wataulizwa juu ya barabara, shule na hospitali, na wataahidi vyote. Siku hiyo mtu mmoja wa Nyakasanza, ama mama mmoja wa Kigonze aliyevuka mwaka 2018, asimame kwanza na kuuliza nani atasimamisha boti, na kama kibarua atalipwa siku hiyo. Jibu liandikwe, lipigwe sahihi na lisomwe redioni jioni ile ile, na jina la aliyelitoa.